Kufuli Lililokuwa Limelala

Wapo watu wanaojifunza kwa kuambiwa, na wapo wanaojifunza kwa kuaibika. Nilifundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Kahama na kisha Bukombe, na muda wote huo nilijihesabu katika kundi la kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2023, nikiwa mzee mstaafu mwenye mvi, kompyuta moja ya mtumba ilinionyesha kwamba nimo katika kundi la pili.

Nilipokuwa nafundisha Bukombe, wilaya ile ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Geita, nami nikalala mtu wa Shinyanga nikaamka mtu wa Geita bila kuhama kitanda. Baada ya kustaafu nikahamia Katoro, mji wa biashara ambao hausinzii. Watu wengi humo, hata wasiokuwa wachimbaji, hula kwa jasho la wachimbaji wadogo. Yuko anayewapikia, yuko anayewauzia maji, yuko mwenye karasha la kusaga mawe, na yuko anayenunua marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, akatafute dhahabu iliyowaponyoka wenzake. Fedha huja ghafla na kuondoka ghafla. Kwa hiyo mtu mwenye busara huitafutia mahali pa kuifungia.

Mahali petu palikuwa kikundi cha hisa cha watu ishirini na saba, wengi wao akina mama, mimi nikiwa mwenyekiti. Utaratibu wa vikundi vya namna hii unafahamika: sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo zake kushikwa na wanachama watatu tofauti, ili pasiwepo mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Shirika la CARE lilianza kuueneza huko Niger mwaka 1991, na leo umezagaa Afrika nzima. Kila Jumamosi watu hununua hisa, hukopa na hulipa faini za kuchelewa. Mwisho wa mwaka sanduku huvunjwa na kila mmoja hupata mgao wake kwa kadiri ya hisa alizoweka.

Zamani kila hisa iligongwa muhuri katika kitabu cha mwanachama. Aliyetaka kuiacha mihuri ni mimi. Ilikuwa imetoka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayovitaka vikundi kama chetu visajiliwe na kuweka hesabu zake sawasawa, nami nikaona hapo pana nafasi ya kuonyesha usomi wangu. Nikawaambia wenzangu kwamba dunia imekwenda mbele. Tukachanga, tukanunua kompyuta mpakato, ile ambayo vijana huiita laptopu, iliyokwisha tumika huko Ulaya. Ikaingizwa kila kitu: hisa, mikopo, riba, faini. Vitabu vya mihuri vikaachwa. Mama mmoja mzee, mwenye karasha, ambaye wote tunamwita Mayu, aliuliza, “Mwalimu, na mashine yenyewe ikigoma?” Nikacheka. Nikamjibu kwamba mashine haina ndugu wala mpwa wa kumpendelea.

Kijana aliyekuwa mhasibu wetu wa kwanza aliijua kazi. Novemba ile akapata ajira kwenye machimbo ya Chunya, mkoani Mbeya. Makabidhiano yalifanyika mbiombio, maana nilikuwa nawahi gari la kwenda msibani Shinyanga. Alinipa mashine ikiwa inawaka, akaniandikia neno la siri la kuingilia, tukapeana mikono. Niliporudi nikamkabidhi mashine mhasibu mpya, binti wa jirani yangu aliyemaliza kidato cha sita, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Nikampa na lile neno la siri.

Binti yule hakuwahi kuizima mashine. Akimaliza kazi alikuwa anafunika kifuniko chake, anaichomeka kwenye umeme na kuiacha. Kesho yake anafunua, picha ya Windows inatokea na jina la kikundi, anaandika neno, anaendelea alipoishia. Wiki tatu zikapita hivyo.

Sasa, ndugu msomaji, kumbuka hali ya mwishoni mwa mwaka ule. Nchi ilikuwa katika mgao wa umeme. Ulikuja kupungua mwaka uliofuata, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha mnamo Februari 2024, lakini Desemba ile tulikuwa gizani mara kwa mara. Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri mgao wa fedha huku tukivumilia mgao wa umeme, na mmoja ukaja kuukwaza mwingine. Siku ya Jumatano umeme ulikatika, ukarudi Ijumaa asubuhi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuvunja sanduku.

Ijumaa ile saa nne binti alifunua kompyuta mbele yangu na mbele ya wanachama kama kumi waliokuja kuhakiki hisa zao. Kioo kilikuwa cheusi. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Ikatokea nembo ya kiwanda, halafu, kabla ya picha ya Windows na kabla ya jina la kikundi, kikatokea kialama cha kufuli na kisanduku kidogo cha kuandikia. Mashine ilikuwa inadai neno la siri.

Akaandika lile neno tunalolijua. Ikakataa. Akaandika tena polepole, herufi moja moja. Ikakataa. Mara ya tatu ikaganda kabisa, ikabidi izimwe na kuwashwa upya, nayo ikarudi palepale kwenye kufuli.

Kimya kikatanda. Kisha mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, “Kesho mgao, leo mashine imefungwa.” Mwingine akaguna. Palikuwepo mama aliyekuwa akiisubiri fedha ile amwandae mwanawe kuanza kidato cha kwanza Januari. Palikuwepo na kijana aliyekwisha lipia nusu ya bei ya pampu ya kuvutia maji kwenye duara. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaondoa kwenye mihuri.

Nami nikamgeukia binti. Nakumbuka maneno yangu vizuri kuliko ninavyotaka kuyakumbuka. Nilisema, “Mwanangu, umebadilisha neno. Kuna nini humo unachotuficha?”

Akainuka. Hakulia. Alisema tu, “Mwalimu, neno ninalolijua ni lile ulilonipa wewe.” Akaiweka mashine juu ya meza, akaweka na ufunguo wa sanduku aliokuwa akiushika, akaondoka kwenda kwao.

Alasiri nikapanda mchomoko kwenda Geita mjini, mashine mapajani. Niliambiwa yuko fundi mmoja hodari karibu na stendi. Nilimkuta kijana wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, meza imejaa betri zilizovimba na kibodi zilizong'olewa vitufe. Nikamweleza kwamba msichana wetu amebadilisha neno la siri. Hakujibu. Akaiwasha mashine, akatazama, akaizima, akaiwasha tena.

“Mzee wangu,” akasema, “neno la siri la Windows hili silo. Huyo binti hakubadilisha kitu.”

Akanieleza, nami nayaandika hapa kwa sababu naamini wako wengi watakaoyahitaji. Alisema kompyuta ina milango zaidi ya mmoja, na mtu hana budi kutazama amesimama mbele ya mlango upi kabla ya kutafuta ufunguo. Ukiona picha na jina la mtumiaji, umefika kwenye mlango wa Windows; hapo yanatakiwa maneno ya akaunti au zile tarakimu fupi za PIN, na mtu aliyebadilisha neno la akaunti yake mahali pengine anaweza kulikuta limebadilika na hapo pia. Ukiona ukurasa wa bluu unaodai tarakimu 48, huo ni mlango wa BitLocker, unaofunga maandishi yote ndani ya diski. Ukurasa huo huweza kutokea ghafla pakibadilika kitu katika matengenezo ya mashine, na zile tarakimu hutafutwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au kwenye karatasi aliyozichapa siku ya kwanza. Lakini ukiona kioo cheusi, hakuna jina la mtu, na swali limekuja mara tu baada ya nembo ya kiwanda, basi Windows haijaamka bado. Anayeuliza ni mashine yenyewe, au diski yake.

“Hili la kwenu ni la diski,” akasema, akanionyesha kialama kingine kidogo kando ya kufuli, chenye umbo la mcheduara, ambacho sisi wote hatukukiona.

Nikamuuliza swali ambalo naona hata wewe unaliuliza: kama kufuli hili lilikuwepo, mbona wiki tatu nzima halikudai kitu?

Akacheka, akaniuliza kama namjua mama lishe. Nikamwambia nusu ya kikundi changu ni mama lishe. “Basi,” akasema, “mlipokuwa mnafunika kifuniko, mashine ilikuwa inasinzia tu. Ni kama mama lishe aliyefunika sufuria na kuacha makaa chini. Akirudi anafunua na kuendelea kupakua. Hakutoka nje, kwa hiyo hakupita mlangoni. Lakini makaa yanakula mkaa. Umeme ulipokatika siku mbili, betri ikakaribia kwisha. Mashine nyingi zimepangwa kwamba betri ikifika hapo, zisisinzie tena, ziingie katika usingizi mzito unaoitwa haibaneti. Hapo ni kama mama lishe amezima moto, ameingiza vyombo vyote ndani kwa mpangilio, kijiko mahali pake na sahani mahali pake, amefunga mlango na kwenda kwake. Vyombo viko salama, na asubuhi atavikuta kama alivyoviacha. Lakini kuvifikia lazima apite mlangoni, na mlangoni ndipo penye kufuli.”

Kwa lugha ya kifundi ni kwamba, katika kusinzia, kumbukumbu ya kazi hubaki hai kwa umeme kidogo. Katika haibaneti, kumbukumbu yote huandikwa kwenye diski, katika faili moja kubwa, na mashine huzimika kabisa. Ikiwashwa huanzia mwanzo kama iliyotoka dukani, hupita milango yote, ndipo ilisome faili lile na kukurudisha ulipoishia. Aliyeifunga mashine yetu alikuwa ameifunga tangu zamani. Sisi tulikuwa tumezaliwa ndani ya nyumba, tukadhani nyumba haina mlango.

Nikamwomba ang'oe kufuli. Akakataa, na kukataa kwake kulituokoa. Alisema wako watakaosema chomoa kijibetri kidogo cha ndani, au hamishia diski kwenye mashine nyingine, au ipige upya. Lakini kufuli la diski huhifadhiwa ndani ya diski yenyewe na husafiri nayo. Kijibetri hakilifuti, na kuipiga upya diski ni kufuta hesabu zote. “Dawa ni moja, mzee. Mtafute aliyelifunga. Na msiendelee kubahatisha.”

Nikampigia simu mhasibu wetu wa zamani. Hakupatikana. Nikapiga njiani, nikapiga usiku, nikapiga alfajiri. Jumamosi watu walikuja na vikapu vyao vya fedha, nikawatangazia kwamba hakuna mgao. Sikuwaambia habari ya milango. Nilijiambia kwamba nangoja uhakika, kumbe nilikuwa naogopa.

Jioni saa moja na nusu simu yake ikaita. Alikuwa ametoka kazini, mahali pasipo na mtandao. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, kwa adabu ya mtu anayemwambia mkubwa wake jambo zito, “Shikamoo tena, Mwalimu. Siku ile nilikuambia kuna maneno mawili.”

Nikahisi damu inanishuka. Ni kweli. Siku ya makabidhiano, nikiwa na mguu mmoja kwenye bodaboda, kijana alinishika mkono akasema, “Mwalimu, kuna maneno mawili.” Nami nikadhani anataka kuniambia mawili matatu kabla hatujaagana, pengine habari za posho yake. Nikamjibu, “Hayo tutazungumza kwa simu.” Kumbe alikuwa anahesabu: neno la kwanza na neno la pili. Aliliweka la diski kwa nia njema, kwa kuwa alikuwa akiibeba mashine usiku kwenye bodaboda, na aliogopa ikiibwa majina na madeni ya watu yasije yakasomwa na kila mtu. Alikuwa mlinzi mwema. Mimi ndiye niliyeupokea mlango nikakataa kupokea ufunguo.

Akanitajia neno. Nikalimwandikia mjumbe wetu mmoja, tukakaa watatu na Mayu shahidi, tukaandika. Kufuli likatoweka. Windows ikaja, ikasema inarejea, na hesabu zikatokea zikiwa wazi pale binti alipoishia siku ya Jumatano, mshale umesimama kwenye jina la yule mama wa kidato cha kwanza. Hapakupungua hata shilingi.

Nilitaka kwenda kwa kina binti usiku uleule nimwombe radhi kimyakimya. Mayu akanizuia. Alisema, “Mwalimu, mtoto wa watu ulimvua nguo barazani. Usiende kumvisha chumbani.”

Kwa hiyo Jumapili alasiri, mgao ulipofanyika, nilisimama kabla ya sanduku kufunguliwa. Niliwaeleza wote habari ya milango mitatu, habari ya makaa na mlango wa mama lishe, na habari ya maneno mawili. Kisha nikamwambia binti mbele yao kwamba nilimsingizia. Kwa mtu aliyezoea kusahihisha wengine kwa wino mwekundu, ilikuwa kazi nzito kuliko nilivyodhani. Alinisikiliza akiwa ameinamisha macho, akasema, “Nimesikia, Mwalimu.” Hakusema yamekwisha. Aliendelea kuwa mhasibu wetu hadi Machi, lakini tangu siku ile hakuwahi kuigusa mashine bila mtu wa pili kuketi kando yake. Wengine walimsifu kwa uangalifu. Mimi nilijua uangalifu ule aliupatia wapi.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili. Mji wa Geita una soko la dhahabu tangu Machi 2019, ambako mchimbaji hupima dhahabu yake mbele ya mnunuzi na mbele ya ofisa wa serikali, kwa sababu kila mtu anafahamu kwamba fedha inataka macho zaidi ya mawili. Na sisi wenyewe tulikuwa na makufuli matatu kwenye sanduku kwa sababu hiyohiyo. Makufuli yale hayakuwekwa kwa kuwa tunachukiana. Yaliwekwa ili asiwepo mtu wa kushukiwa peke yake. Lakini ilipokuja mashine tuliyoihesabu kuwa ya kisasa, tuliweka siri yake katika kichwa cha mtu mmoja, na kichwa hicho kikapanda basi kwenda Mbeya. Palipotokea tatizo, aliyebaki karibu na mashine ndiye aliyebeba lawama. Na mimi, mwenyekiti, nilikuwa wa kwanza kumtwisha.

Siku hizi maneno yote mawili yameandikwa kwenye karatasi, karatasi imo ndani ya bahasha, bahasha imo ndani ya sanduku lenye makufuli matatu. Anayeyataka lazima awapate wenye funguo watatu. Vitabu vya mihuri vimerudi, na hesabu hunakiliwa pia kwenye flashi kila Jumamosi. Na mwisho wa kila kikao hatufuniki kifuniko tu. Tunaizima mashine kabisa, na Jumamosi inayofuata tunaiwasha mbele ya watu, ituulize maswali yake yote tungali tunayajua majibu.

Nawe msomaji, kama unayo mashine ambayo kwa miezi umekuwa ukiifunika na kuifunua tu, usingoje umeme ukatike. Hifadhi kazi yako jioni ya leo, izime kabisa, iwashe, uone itakuuliza nini. Ikikuuliza usichokijua, mtafute aliyekukabidhi. Na kabla hujamtaja mtu kwa ubaya, kumbuka vizuri siku ya makabidhiano, kama hapakuwa na neno aliloanza kukuambia ukamkatiza.